Mamlaka ya Mji Mpya na Nafasi ya Halmashauri

Mazungumzo kwa viongozi na wanachama wa vyama vya msingi, Isongole, Wilaya ya Rungwe



Mji hauanzi siku bango linaposimikwa. Huanza pale mtu mmoja anapofungua duka kando ya barabara, wa pili akajenga kibanda cha kupakia viazi, wa tatu akajenga nyumba ya kupangisha. Barabara itokayo Mbeya kwenda Tukuyu na mpaka wa Malawi inapita Isongole, na penye barabara na mazao, mji haukosi kuchipuka. Kwa hiyo yafaa wakulima wa viazi na mahindi wa eneo hili wajue mapema: chombo cha kuendeleza mji kinapoundwa, ni nani atakayekisimamia, na mwanachama atapeleka wapi neno lake?

Mfano mkubwa wa jambo hili upo hapa nchini. Mwezi Oktoba 1973 TANU iliamua kuwa makao makuu ya Serikali yahamie Dodoma. Mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyojulikana kwa kifupi kama CDA. Kiongozi wake wa mwanzo, Ndugu George Kahama, hakuwa mgeni wa ushirika, kwa maana kabla ya uhuru alikuwa meneja wa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba. Mwaka 1976 ramani kuu ya mji, iliyotayarishwa na wataalamu kutoka Toronto, Kanada, ilikuwa tayari. Mamlaka ilipima viwanja, ikajenga nyumba na barabara, ikapanda miti. Kazi hiyo haifai kubezwa, kwani mji hauwezi kupangwa bila wataalamu, fedha na ardhi iliyopimwa.

Lakini wakati Mamlaka inazaliwa, halmashauri haikuwapo mezani. Mwaka 1972 Serikali ilikuwa imeanzisha mpango wa Madaraka Mikoani. Halmashauri za wilaya zilivunjwa, na za miji zikafuata. Hivyo chombo kilichopewa ardhi ya mji mzima kilianza kazi pasipo baraza la madiwani wa kukiuliza. Wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo.

Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Kisha zikatungwa Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982, na halmashauri za wilaya zikaanza tena kazi mwaka 1984. Kuanzia hapo Dodoma ikawa na vyombo viwili juu ya ardhi ileile. Mamlaka iligawa viwanja, ikatoa vibali vya ujenzi na kupokea kodi ya ardhi. Halmashauri ilibaki na shule, zahanati, masoko na uzoaji wa taka. Diwani alipoulizwa na wapiga kura wake kuhusu kiwanja kilichogombewa, au kuhusu nyumba iliyowekewa alama ya kubomolewa, hakuwa na jibu, kwa sababu uamuzi haukuwa mikononi mwa baraza lake. Tena hati alizopewa mwananchi wa Dodoma zilikuwa za miaka 33, wakati katika miji mingine mtu aliweza kupata hati ya miaka 99.

Malalamiko hayo yalidumu miaka mingi. Tarehe 15 Mei 2017 Rais John Magufuli aliivunja Mamlaka hiyo, na kazi zake, mali zake na watumishi wake vikahamishiwa Halmashauri ya Manispaa ya Dodoma. Ikaagizwa pia kuwa hati za miaka 33 zibadilishwe ziwe za miaka 99. Kwa muda wa miaka 44 mji ulijengwa na chombo kimoja na kuhudumiwa na kingine, na mwisho wake kazi ikarudi kwa baraza la wachaguliwa, ambako ingeweza kuanzia.

Wanaushirika wanaielewa habari hii kwa uchungu wao wenyewe. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ununuzi wa mazao ukakabidhiwa mamlaka za mazao. Mamlaka hizo zilikuwa na magari, mizani na wataalamu. Lakini mkulima aliyecheleweshewa malipo hakuwa na mkutano mkuu wa kumwita meneja na kumtaka aeleze. Sheria ya mwaka 1982 iliporudisha vyama vikuu, kilichorudi si maghala tu, bali haki ya mwanachama ya kuuliza na kujibiwa. Halmashauri kwa mji ni kama mkutano mkuu kwa chama.

Ni kweli kwamba wapo wanaosema halmashauri ni masikini, hazina wapima ardhi wa kutosha, na madiwani huvutana. Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Hata hivyo, dawa ya udhaifu huo ni kuipa halmashauri wataalamu na fedha. Chombo maalumu kikihitajika, na kiundwe, lakini madiwani wawe na viti ndani yake, hesabu zake zisomwe barazani, na siku ya kukabidhi kazi kwa halmashauri itajwe tangu mwanzo. Uingereza, ilipotunga sheria ya miji mipya mwaka 1946, ilimtaka waziri ashauriane kwanza na halmashauri zinazohusika kabla ya kutangaza eneo. Hata hivyo wenyeji wa Stevenage, mji wa kwanza kutangazwa, walipinga vikali. Ikiwa ushauri haukutosha kuwatuliza, kutoshauriana kabisa kungefanya nini?

Kwa upande wa vijiji, sheria zipo na zafaa kujulikana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, yasema kuwa ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, na eneo lake lisizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio hukubali au hukataa. Uhamisho haufanyiki mpaka aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia vimekubaliwa. Nayo mamlaka ya mji mdogo, iundwapo chini ya halmashauri ya wilaya, wajumbe wake wengi huwa ni wenyeviti wa vitongoji waliochaguliwa na wakazi. Asiyehudhuria mkutano wa kitongoji, basi, amejitoa mwenyewe katika kuupanga mji.

Vyama vya msingi navyo vina kazi ya kufanya kabla mpima ardhi hajafika. Chama ambacho ghala lake limesimama juu ya kiwanja kilichotolewa kwa mdomo, pasipo muhtasari wa kikao wala mipaka iliyoandikwa, kitaonekana mvamizi siku ramani itakapochorwa. Kwa hiyo kila kamati haina budi kutafuta muhtasari wa kijiji uliokipa chama kiwanja, kuingiza ghala, ofisi na mizani katika daftari la mali, kuomba hati, na kumpa diwani nakala. Ramani ikitayarishwa, chama kiombe mapema mahali pa soko la viazi na njia ya malori, kwa kuwa mji uliosahau mahali pa kupakia gunia utamfukuza mkulima aliyeuanzisha.

Ndugu wanachama, mji ukija kwa utaratibu ni neema: maji, zahanati, wanunuzi wa karibu. Wenye shamba wawepo kikaoni siku mpaka wake unapochorwa.