Baada ya Kuwasilisha Ritani ya Kodi



Tarehe 30 Juni ikishapita, wengi wenye biashara hushusha pumzi. Ritani ya kodi ya mapato ya mwaka uliotangulia imekwisha wasilishwa, na makaratasi yote husukumwa chini ya kitanda au hupelekwa jikoni kuwashia moto. Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba tabia hiyo ina hatari. Ritani ni kauli ya mwananchi mbele ya Serikali yake, na mwenye kutoa kauli hana budi kuwa tayari kuisimamia.

Kwanza ifahamike ni nani anayehusika. Mwalimu wa Ipelele, wilayani Makete, ambaye mapato yake yote ni mshahara wa mwajiri mmoja, halazimiki kuwasilisha ritani. Kodi yake hukatwa katika mshahara, na mwajiri anatakiwa kuipeleka Mamlaka ya Mapato Tanzania katika siku 7 baada ya mwezi kwisha. Lakini katika Mkoa wa Njombe watumishi wengi wana shughuli ya pili. Huyu hununua viazi vya wakulima na kuvisafirisha hadi Makambako. Yule ana shamba la miti na huuza mbao. Mwingine ana duka. Mwenye biashara ndogo hukadiriwa kodi kwa kiasi cha mauzo yake. Ambaye biashara yake imekua hutoa hesabu kwa ritani. Wote wawili wanahusika na haya yanayofuata.

Jambo la kwanza ni kuhifadhi kumbukumbu. Katika utaratibu wa sasa mlipakodi hujitathmini mwenyewe, na hesabu yake hupokelewa jinsi alivyoitoa. Hata hivyo, maofisa wana haki ya kurudi baadaye na kuuliza. Kwa hiyo Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka atunze kumbukumbu zake kwa muda usiopungua miaka 5. Uthibitisho wa kupokelewa kwa ritani, hati za malipo ya benki, stakabadhi za manunuzi na daftari la mauzo viwekwe mahali pamoja, pakavu, mbali na moshi. Aidha, risiti za mashine za kodi huandikwa kwa joto juu ya karatasi laini, na maandishi yake hufifia. Inafaa zitolewe nakala mapema, maana risiti isiyosomeka haimsaidii mtu siku ya ukaguzi.

Jambo la pili ni malipo. Wapo wanaodhani kwamba kupeleka ritani ni sawa na kulipa. Sivyo. Mwenye ritani huanza kwa kutoa kodi aliyokwisha lipa kwa awamu pamoja na ile aliyozuiliwa na wanunuzi, na kinachobaki kinadaiwa siku ileile ya mwisho ya kuwasilisha. Kisipolipwa, riba huanza kuhesabiwa. Kadhalika, mwaka mpya nao unaendelea: awamu za kodi yake hulipwa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ikiwa biashara ya viazi imepanda au imeanguka, makadirio yarekebishwe mapema, badala ya kungoja Desemba kwa mshangao.

Jambo la tatu ni kusahihisha. Binadamu husahau. Aliyegundua kwamba ameacha mauzo ya lori moja la mbao afadhali aiandikie ofisi ya mapato kabla haijamwandikia yeye. Vilevile aliyelipa kupita kiasi asinyamaze. Sheria inampa miaka 3 tangu siku ya malipo kuomba arudishiwe, na ombi hilo litahitaji ushahidi.

Jambo la nne, na ndilo linalosahauliwa zaidi, ni haki ya kupinga. Kamishna Mkuu akitoa tathmini ambayo mlipakodi haikubali, anazo siku 30 tangu kuipokea kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, akieleza sababu zake. Hutakiwa pia kulipa theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, au ile sehemu asiyoipinga, kwa kutazama iliyo kubwa zaidi. Ingawa Kamishna Mkuu anaweza kuipunguza au kuisamehe iwapo kuna sababu ya kutosha. Asiporidhika na uamuzi, hukata rufani kwenye Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na hatimaye Mahakama ya Rufani.

Nyanda hizi za kusini zina historia ndefu ya kodi. Tangu Wajerumani walipoanzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na baadaye chini ya Waingereza, vijana wengi wa Ukinga na Ubena walitoka makwao kwenda kwenye mashamba ya mkonge na machimbo ya dhahabu ya Lupa, wakitafuta fedha ambayo mtoza kodi angeikubali. Waliporudi, stakabadhi ilitunzwa kama roho, kwa kuwa asiyekuwa nayo aliweza kukamatwa. Hata baada ya Uhuru, hali ya kudaiwa stakabadhi njiani iliendelea katika kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Stakabadhi ya zamani ilimlinda mtu asikamatwe tu. Haikumpa nafasi ya kuuliza hesabu imepatikanaje. Kumbukumbu za leo zinampa nafasi hiyo, mradi awe amezitunza.

Hapa ndipo mwalimu na mtumishi wanapohusika hata kama wao wenyewe hawana duka wala lori. Kijijini, barua ngumu hupelekwa kwa mwalimu. Mama muuza viazi akipokea barua ya tathmini katika mwezi wa mavuno, akaiweka sandukuni hadi kazi iishe, siku 30 zinaweza kupita, naye akabaki na deni ambalo pengine si lake. Mwalimu atakayeletewa barua hiyo atazame kwanza tarehe iliyopokelewa, ahesabu siku zilizobaki, kisha amwambie mama huyo akalete daftari lake.