Chumba cha Mtoto Katika Nyumba Mpya



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linaloonekana dogo: mtoto wa miaka miwili au mitatu ambaye familia yake imehama, na ambaye kwa mara ya kwanza anatengewa chumba chake. Wengi wetu tulikua tukilala na bibi, au watoto wanne katika kitanda kimoja, na hatuoni kwamba tulipungukiwa na kitu. Sitamshauri mtu yeyote amtenge mtoto kabla familia haijaona haja. Lakini haja hiyo ikija, huja pamoja na manunuzi mengi kwa muda mfupi, mfuko ukiwa umekwisha kukamuliwa na kodi ya miezi sita na gharama ya gari la kuhamia. Hapo ndipo makosa hufanyika.

Kosa ninalolijua zaidi ni langu mwenyewe. Tulipohamia nyumba tunayokaa sasa, binti yetu alikuwa na miaka miwili na miezi minne. Nilipaka chumba chake rangi, nikashonesha mapazia yenye vipepeo, nikanunua kabati la droo nne kutoka karakana moja ya kando ya barabara. Siku ya tatu, alfajiri, tulisikia kishindo. Mtoto alikuwa amevuta droo za chini akazifanya ngazi ili amfikie mwanasesere wake juu ya kabati. Kabati liliinama mbele na kuanguka. Ukingo wa kitanda ukalizuia lisifike sakafuni. Tulimkuta mtoto katika nafasi iliyobaki chini yake, akilia, mkono umechubuka. Nafasi ile haikupangwa na mtu. Kitanda kilikuwa pale kwa sababu hatukuwa tumemaliza kupanga vyombo.

Sababu ya ajali ya namna hii si ngumu kuielewa. Droo zikiwa zimefungwa, uzito wa kabati hukaa juu ya miguu yake. Zikivutwa mbili au tatu kwa pamoja, uzito husogea mbele, na mtoto wa kilo 12 akikanyaga ukingo wa droo, kabati lote laweza kupinduka. Likiwekewa televisheni juu, hatari huongezeka maradufu.

Wala tusiwatupie lawama mafundi wa mitaani peke yao. Mwezi Juni 2016 kampuni ya IKEA, pamoja na mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa, ilitangaza kurejeshwa kwa makabati ya droo yapatayo milioni 29 nchini humo, baada ya watoto kufa kwa kuangukiwa. Wateja walipewa hiari ya kurudishiwa fedha au kupewa bure vifaa vya kulifunga kabati ukutani. Desemba 2022 nchi hiyo ikapata sheria inayotaka makabati ya aina hiyo yapimwe droo zikiwa wazi, kwa mzigo unaolingana na mtoto wa hadi kilo 27. Hata hivyo, kabati lililopimwa nalo hufungwa ukutani.

Kwa hiyo, kabla ya pazia na kabla ya vipepeo, nunueni skrubu na vipande viwili vya chuma vyenye umbo la kona. Kuta zetu nyingi ni za tofali za saruji zilizopigwa plasta, na msumari uliogongwa kwenye plasta hung'oka kwa mkono. Fundi atoboe kwa keke mpaka ndani ya tofali, aingize kipande cha plastiki kinachobana skrubu, ndipo afunge chuma. Kwa upande wa kabati, chuma kishikwe na fremu ya mbao, si ubao mwembamba wa mgongoni. Vitu vizito vikae droo ya chini. Na kitu anachokipenda mtoto kisiwekwe juu kabisa. Huko ni kumwita apande.

Kitanda ni rahisi zaidi. Kiwe cha chini, mtoto aweze kushuka mwenyewe, na kisikae dirishani. Godoro lijaze fremu. Pengo la ubavuni linaweza kumnasa. Kitanda cha ghorofa, hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa, mtoto aliye chini ya miaka sita asilale juu. Chandarua kipya chenye dawa kianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumika, na kamba zake, kama zile za mapazia, zisining'inie anapoweza kuzifikia na kujizungushia shingoni.

Kuhusu rangi, mnisikilize kidogo. Rangi ya zamani inayobanduka yaweza kuwa na risasi, madini yanayodhuru ubongo wa mtoto. Msiikwangue ikiwa kavu, vumbi likatapakaa. Iloweni maji kwanza, na mtoto awe mbali. Kwa rangi mpya, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa milioni. Muulizeni muuzaji, msome kopo, mtafute alama ya TBS. Kisha chumba kikae wazi siku kadhaa kabla ya kulaliwa.

Mlangoni, ondoeni komeo la ndani. Mtoto hujifungia kwa dakika moja, na mlango wa mninga hauvunjwi kwa bega.

Mnapoagiza samani kwa fundi, kianzio kisitoke mkononi kabla vipimo, aina ya mbao na tarehe ya kukabidhi havijaandikwa. Ulizeni kama mbao zimekauka, maana mbao mbichi hupinda na droo zikaanza kukwama. Mtoto huvuta kwa nguvu zake zote, na kabati likamfuata. Daini risiti. Fundi asiye na mashine aandike kwa mkono, na jina lake, namba ya simu na sahihi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza muuzaji kumpotosha mlaji juu ya ubora wa bidhaa, lakini mlalamikaji asiye na karatasi hupata tabu kuthibitisha alichoambiwa.

Kuna jambo moja ambalo halinunuliwi. Jioni ya kwanza katika nyumba ile, binti yangu alisimama mlangoni, viatu mkononi, akasema, "Mama, twende nyumbani." Tulikuwa tumembadilishia kila kitu kwa siku moja. Kesho yake nilimrudishia shuka lake lililochakaa na mto wake wa zamani, nikalala kwenye mkeka kando yake kwa wiki nzima. Mnaohama mwezi huu, fedha ya shuka jipya iwekeni kwenye skrubu.

Wapangaji huniuliza: mwenye nyumba akikataa ukuta utobolewe? Mwombeni kwa maandishi, mkiahidi kuziba matundu siku ya kuondoka. Wangu alisita, nikamweleza habari ya alfajiri ile, akaja na keke yake mwenyewe. Akishikilia kukataa, kabati likae chumba cha wazazi, na nguo za mtoto ziwekwe kwenye kapu sakafuni.