KUKUMBUSHWA SI AIBU: NASAHA JUU YA UPUNGUFU WA UMAKINI

(Matini ya darsa iliyotolewa msikitini baina ya Maghrib na Isha)

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Mola wa viumbe vyote, aliyempa mwanadamu akili, kisha akazitofautisha akili za watu kama alivyozitofautisha sura na ndimi zao. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, Masahaba zake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo.

Ama baad. 

Imamu anaposahau katika Swala, akasimama mahali pa kukaa, maamuma hawamtoi mbele wala hawamwiti mvivu. Husema "Subhanallah", imamu akazinduka, Swala ikakamilika na sijda ya kusahau ikaletwa. Mtume wetu (S.A.W.) mwenyewe alipata kusahau katika Swala, akakumbushwa na Sahaba aliyejulikana kwa jina la Dhul-Yadayn. Akawauliza watu, kisha akatimiza rakaa zilizobaki. Sheria yetu, basi, imekwisha kukiri kuwa mwanadamu husahau, na dawa yake imeiweka ndani ya safu: awepo mwenzake wa kumkumbusha kwa adabu.

Leo tungependa adabu hiyo tuifikishe madrasa, nyumbani na dukani, kwa watu ambao kutawanyika kwa mawazo yao kumezidi kiasi cha kawaida.

HALI YENYEWE

Wapo watoto, na wapo watu wazima, ambao akili zao ni kali lakini hazitulii. Huanza mambo kumi wakamaliza moja. Hupoteza funguo, madaftari na ahadi. Hujibu kabla swali halijaisha. Hawahisi muda ukipita mpaka umekwisha kupita. Madaktari huiita hali hii kwa herufi ADHD, yaani upungufu wa umakini unaofuatana na utukutu na pupa iliyozidi.

Elimu hii si ya jana. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alitoa mihadhara mjini London mbele ya Chuo cha Kifalme cha Madaktari, akaeleza habari za watoto wasiopungukiwa na akili lakini walioshindwa kujizuia. Jina linalotumika sasa liliwekwa mwaka 1987 na chama cha madaktari wa maradhi ya akili wa Marekani. Mwongozo wao wa mwaka 2013 ulikadiria kuwa katika kila watoto 100 wapo takriban 5 wenye hali hii, na kwa watu wazima 100 wapo wawili au watatu. Kwa makisio hayo, madrasa yenye wanafunzi 100 yaweza kuwa na watano. Si wote watukutu. Wamo mabinti waliokaa kimya mwisho wa jamvi, macho yao yako kwenye msahafu na fikra zao ziko mbali, na kwa kuwa hawasumbui, hakuna anayewatambua.

Je, huo ni utovu wa adabu? Mwaka 2007 watafiti wa taasisi ya taifa ya afya ya akili ya Marekani walipiga picha bongo za watoto. Wakaona kuwa gamba la ubongo la wenye hali hii lilifikia unene wake wa juu kabisa, kwa wastani, wakiwa na miaka 10 na nusu, ilhali wenzao walifikia hapo wakiwa na miaka 7 na nusu. Kucheleweshwa huko kulionekana zaidi katika sehemu za mbele zinazomwezesha mtu kujizuia na kupanga mambo. Aidha, tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa hali hii hurithiwa kwa kiasi kikubwa. Huenda baba anayemchapa mwanawe leo naye alichapwa jana kwa jambo hilo hilo, na hakuna aliyemwambia sababu.

MAKOSA MAWILI

Kosa la kwanza ni bakora na majina mabaya. Mtoto huitwa mjinga, kichwa maji, mtundu asiyefaa, naye huyaamini aliyoambiwa. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 808 Hijria (1406), ameweka mlango maalumu katika Muqaddima yake kueleza kuwa ukali huwadhuru wanafunzi: huwatia uvivu, na huwafunza uongo na hila kwa kuogopa mkono wa mwalimu. Mtoto tunayemzungumzia hapungukiwi na hofu. Kumwongezea hofu ni kumtwika mzigo wa pili kabla hatujamtua wa kwanza.

Kosa la pili ni kukimbilia kusema "ana jini". Wako wanaomfunga mtoto hirizi na kumpeleka kwa mganga kupungwa, na hukumu ya hayo tumekwisha kuieleza mara nyingi. Lakini hata miongoni mwa wanaojinasibisha na Sunna wako waliofanya ruqya kuwa jibu la kila swali. Ruqya ya kisheria ni haki, na dua ni silaha ya Muumini. Hata hivyo Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta tiba, akatufundisha kuwa maradhi hayakuteremshwa bila ya dawa yake. Mwenye kumsomea mwanawe usiku na asubuhi akampeleka kwa daktari ameshika Sunna mbili, wala hakuiacha hata moja.

MALEZI YA MTUME (S.A.W.)

Anas bin Malik (R.A.) alimtumikia Mtume (S.A.W.) tangu utotoni, miaka 10 au karibu yake. Imepokewa kwake katika Sahih Muslim kuwa siku moja alitumwa jambo, akatoka, akapita kwa watoto waliokuwa wakicheza sokoni. Mara Mtume akamshika kisogo kwa nyuma. Alipogeuka, alimwona anacheka. Akamwita kwa jina la mapenzi, Unays, akamuuliza kama amekwenda alikotumwa. Anas akajibu kuwa ndiyo anakwenda.

Hatusemi kuwa Anas alikuwa na hali hii. Alikuwa mtoto kama watoto wengine. Tunachokitazama ni namna alivyokumbushwa. Mtume alimfuata mahali alipo, hakumpigia ukelele kwa mbali. Alimgusa, alimchekea, alimwita kwa mahaba, kisha akamuuliza juu ya kazi ile ile aliyotumwa. Wala hakumfutia kazi hiyo. Upole ulikuwapo, na wajibu ulibaki pale pale.

KUIJUA NAFSI

Msaada wa kwanza kwa mtu mzima mwenye hali hii umo ndani yake, nao ni muhasaba. Ibn al-Qayyim ameeleza kuwa mja huihesabu nafsi yake mara mbili: kabla ya tendo na baada yake. Wengi wetu tunaijua ile ya baada, na tunaigeuza kuwa kujilaumu tu: "Mimi mvivu, mimi sifai." Maneno hayo si muhasaba. Mfanyabiashara anayefunga hesabu hajitukani. Hutazama fedha zilivujia wapi.

Tuchukue mfano wa fundi cherehani ambaye kila Idi hugombana na wateja. Achukue daftari na kwa wiki mbili aandike mambo matatu: saa ngapi alianza kazi, saa ngapi aliiacha, na nini kilimvuta. Huenda akagundua kuwa baada ya Alfajiri mkono wake ni mwepesi na makosa ni machache, kuwa simu ikilia mara moja kazi hulala mpaka Adhuhuri, na kuwa kila mteja humjibu "ndiyo, utaipata" kabla ya kuhesabu nguo alizo nazo. Sasa amejijua. Asubuhi ataiweka kwa kazi ngumu, simu ataiweka mbali, na kabla ya kusema "ndiyo" atafungua daftari. Hilo la mwisho ndilo muhasaba wa kabla ya tendo.

Wala mtu asione haya kuandika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, katika Suratul Baqara, imekuja kutuamrisha kuandika madeni, na haikuwahusu wasahaulifu peke yao.

MWENZA WA KUKUMBUSHA

Kujijua peke yake hakutoshi, kwa sababu mtu huyu hujua la kufanya, ila wakati wa kulifanya ukifika huwa amekwisha chukuliwa na lingine. Hapa ndipo anapohitaji mwenza. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1990, wamekuwapo watu wanaofanya kazi hii na huitwa makocha. Miongoni mwa walioitangaza ni madaktari Edward Hallowell na John Ratey katika kitabu chao cha mwaka 1994, nao wote wawili wamesema wazi kuwa wana hali hii wenyewe. Kocha si tabibu, hapimi maradhi wala hatoi dawa. Humsaidia mtu kuchagua lengo, kuligawa vipande, kupanga muda, kisha humuuliza amefikia wapi.

Mafunzo ya namna hii yamepimwa. Mwaka 2010 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Boston kwa watu wazima 86 ambao walikuwa wakitumia dawa na bado wakisumbuka. Nusu walifundishwa na wataalamu, katika vikao 12, kutumia kalenda, kuandika orodha ya kazi, kuigawa kazi kubwa na kukabiliana na vishawishi. Wengine walifundishwa kutuliza mwili na kupewa maelezo juu ya hali yao. Kundi la kwanza lilipata nafuu kubwa zaidi. Hayo yalikuwa matibabu hasa, lakini stadi zenyewe ni zile zile ambazo kocha humsaidia mtu kuzishika.

Nani katika sisi anaweza kumudu ulipaji wa kocha? Ni wachache. Lakini ndugu, rafiki au mwalimu mwenye subira anaweza kushika sehemu ya kazi hiyo, akichunga mambo haya:

1. Lengo liwe moja au mawili, wala yasizidi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa amali ipendezayo zaidi ni yenye kudumu, ijapokuwa ndogo. Mtoto wa hifdhi apewe mistari mitatu, ainuke anyooshe miguu, kisha arudi kwa mitatu mingine.

2. Kazi ifungwe na nyakati za Swala. Asiyehisi muda akipewa miadi ya "baadaye" atapotea. Akiambiwa "kabla ya Adhuhuri" ana adhana ya kumzindua. Mola wetu ameigawa siku yetu mara tano, na neema hiyo tuitumie.

3. Maswali yawe mafupi na ya kila siku: Ulikusudia nini? Umefika wapi? Nini kilikuzuia, na kesho tukiondoeje?

4. Siri ya mtu ihifadhiwe. Kukumbushwa mbele ya watu ni kufedheheshwa.

5. Akifanikiwa asifiwe papo hapo, wala asingojewe hadi mwisho wa mwaka.

WAJIBU HAUONDOKI

Tusifahamike vibaya. Hali hii si cheti cha kuacha Swala, kuvunja ahadi au kula haki za watu. Mwenyezi Mungu hamtwiki mja lisilo katika uwezo wake, na aliye na uwezo wa kutumia daftari, adhana na rafiki ana uwezo wa kutekeleza mengi. Aliyekosa aombe radhi na alipe, kisha atafute njia ya kutolirudia kosa.

Wala kila mtoto mtukutu si mwenye ADHD. Yupo asiyelala vya kutosha, asiyesikia vizuri, mwenye njaa, mwenye msiba, au anayedhulumiwa na hasemi. Dalili za hali hii huanza kabla ya miaka 12, hudumu, na huonekana mahali zaidi ya pamoja, nyumbani na shuleni pia. Kupima ni kazi ya madaktari, nao wapo katika hospitali zenye idara za afya ya akili, kama Muhimbili jijini Dar es Salaam. Wakiandika dawa, zitumike kwa maelekezo yao, wala tusiwacheke wanaozitumia. Hatumcheki avaaye miwani.

Tunawausia walimu wenzetu: kabla ya kunyanyua fimbo, ulizeni "kwa nini?" mara moja zaidi. Tunawausia wazazi: mtazameni mtoto alivyo, si jirani alivyo. Na wewe kijana uliyekaa humu ukijiona umeshindwa kila jambo, usikate tamaa na rehema ya Mola wako. Mtafute leo mtu mmoja unayemwamini, umwambie: "Nikumbushe."

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.T.) awaponye wagonjwa wetu, atutulizie nyoyo zetu, na atujaalie tuwe wenye kukumbushana haki na subira. Amin.

Wabillahi Tawfiq.