Hofu ya Kariakoo na Hofu ya Delta



Miaka ile ambayo mwongozaji Mussa Banzi alikuwa Dar es Salaam akitengeneza Nsyuka, filamu iliyowafungulia njia watunzi wa sinema za kutisha nchini, huku Rufiji simba alikuwa akila watu. Kuanzia 2002 hadi alipouawa Aprili 2004, aliua zaidi ya 30. Wananchi walimwita Osama. Wapo waliofuatwa mashambani, huko ambako watu hulala kwenye madungu kulinda mazao yasiliwe na nguruwe. Alipokaguliwa, alikutwa na jino bovu lenye jipu.

Basi mwongozaji atawatishia nini watu hawa?

Wahakiki wetu hupenda kumcheka Banzi kwa meno ya bandia na damu nyekundu kupita kiasi. Mimi siwafuati huko. Kisa cha Nsyuka alikichota kwenye masimulizi ya Unyakyusa; katika Shumileta, ya mwaka 2005, akaja na jini mwanamke anayempenda binadamu. Vyote hivyo kwa kamera ya video na fedha za kuungaunga. Sinema ya kutisha ni sinema ya usiku, na usiku unataka taa, na taa zinataka jenereta. Hapa Maparoni, kwenye delta ya Rufiji, ongezeni boti, mbu, na bamvua linalokuja kabla waigizaji hawajamaliza kupakwa rangi. Hata Shout at the Devil ya 1976, inayotokana na kisa cha Königsberg, meli ya Wajerumani iliyoishia humu deltani Julai 1915, ilikwenda kupigwa Afrika Kusini na Malta. Wenye fedha nao waliikwepa mikoko yetu.

Lakini fedha si kikwazo kikubwa kuliko vyote. Kwingine mtazamaji hukata tiketi akijua zimwi ni la kubuni. Kwetu, aliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza cha video ana shangazi aliyewahi kupandisha jini. Anamkagua jini wa kwenye skrini kama fundi seremala anavyokagua kiti cha mwenzake. Akiona kasoro, anacheka; asipoiona, anataka aletwe mganga, shehe au mchungaji amwondoe kabla taa hazijawashwa. Juu ya hayo kuna ukaguzi unaotokana na Sheria ya Filamu ya 1976, unaoangalia maadili. Ndiyo maana nyingi ya filamu hizi humalizika kwa mahubiri. Mtunzi anaibua hofu kwa saa nzima, kisha analazimika kuiomba radhi.

Ningekuwa mwongozaji, ningeacha meno kabisa. Mnajua habari za Kinjekitile wa Ngarambe, mganga wa vita vya Maji Maji: mwaka 1904 alizama kwenye maji, ndugu zake wakakesha ukingoni, na kesho yake akaibuka mzima, nguo kavu. Mwaka uliofuata Wajerumani wakamnyonga Mohoro. Mimi ningepiga ule mkesha tu: watu wanaotazama maji, mmoja anataka kwenda nyumbani, mwingine anamkataza. Jini haonekani hata mara moja.

Naijua shida ya filamu kama hiyo. Msambazaji wa filamu wa Kariakoo, Dar es Salaam, ataigeuzageuza kava na kuuliza jini yuko wapi, na sehemu ya pili inatoka lini.