Marina Kando ya Ziwa: Ombi Hukaguliwa Vipi, na Mwananchi Ana Nafasi Gani?

Hotuba kwa wakazi wa fuo za Ziwa Victoria



Mada ya leo ni marina, yaani bandari ndogo ya kuegesha boti za starehe, pamoja na uwanja wa kuuzia boti. Mradi wa namna hii huleta kazi kwa mafundi wa injini, manahodha, walinzi na wapishi. Lakini unaweza pia kuleta ua. Pale mama anapoanika omena na mvuvi anapoegesha mashua, panaweza kuwekwa lango. Ndiyo maana ombi hukaguliwa kabla ya ujenzi kuanza.

Jambo la kwanza ni umiliki. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinaweka maziwa miongoni mwa ardhi ya umma. Mwekezaji anaweza kuwa na hati ya shamba lililopakana na ufuo, lakini hati hiyo haimpi ziwa.

Pili ni kibali cha kaunti. Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya 2019 hairuhusu mtu kuanza ujenzi bila kibali. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au adhabu zote mbili. Mwombaji anatakiwa kuutangazia umma mradi wake, na tangazo hilo liwaalike wananchi kuwasilisha pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika.

Hapa wakazi wasikilize kwa makini. Sheria hiyo inasema kwamba mwombaji asipopata jibu la maandishi katika siku 60, itachukuliwa kuwa amepewa kibali. Kwa hivyo pingamizi linaloletwa baada ya miezi mitatu huenda likakuta mambo yamekwisha. Mkiona tangazo, andikeni mapema.

Tatu ni mazingira. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza kujenga ndani ya ziwa au kuchimba sakafu yake bila idhini ya NEMA, ambayo hutolewa baada ya tathmini ya athari kwa mazingira. Idhini hii ni tofauti na kibali cha kaunti, na kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Tathmini nzuri hujibu maswali ambayo wavuvi wanayajua vyema. Je, mafunjo yatakatwa? Mafunjo huchuja tope na huwapa samaki wachanga maficho. Je, sakafu itachimbwa ili boti kubwa zipite? Ghuba ya Winam ina kina kifupi, na tope likitibuliwa huchukua muda kutulia. Mafuta ya injini, rangi ya boti na maji ya vyoo yatakwenda wapi? Magugumaji yakijaa, nani atayaondoa, na yatatupwa wapi?

Kuna pia swali la kiwango cha maji. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana. Mwaka 2020 lilipanda hadi likafurika nyumba, mashamba na fuo. Tofauti ya viwango hivyo viwili ni zaidi ya mita 2. Mchoro uliopimwa msimu mmoja tu unaweza kuacha gati juu ya matope, au kuweka tangi la mafuta ndani ya maji. Wakazi wana haki ya kuuliza mpimaji alitumia kiwango cha mwaka gani.

Sasa, pingamizi au maoni yaandikwe vipi? Si lazima yawe ya kisheria. Taja mradi na mahali ulipo. Eleza unavyoutumia ufuo huo: njia ya kuteka maji, mahali pa kuegesha mashua, mazalia ya ngege. Sema unachotaka: mradi ukataliwe, usogezwe, au upewe masharti, kwa mfano njia ya umma ya kufika majini iachwe wazi. Weka tarehe na sahihi, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Anayeunga mkono mradi naye aandike. Ukaguzi unahitaji pande zote.

Uamuzi ukitoka na usiporidhika, una siku 14 kukata rufaa kwa Kamati ya Uhusiano ya Upangaji ya kaunti. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufuo ukishazungushiwa ua, kuufungua ni kesi ya miaka. Tangazo likibandikwa, lisomeni, msomeeni jirani asiyeona vizuri, kisha mwandike.