Hotuba Juu ya Michezo ya Hadharani, Iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Halmashauri imetupa kazi ya kulijibu swali la mzee wetu mmoja katika kikao kilichopita: ya nini ukumbi wa chama, uliojengwa kwa michango yetu, watolewe vijana siku ya Jumapili wacheze michezo ya kuigiza? Je, michezo italeta unga? Swali hili si la dharau, wala hatutalijibu kwa maneno matamu. Twaomba ruhusa tuwakumbushe jambo lililotendeka Limuru, katika kijiji cha Kamirithu.

Kijiji kile kilianzishwa wakati wa Hali ya Hatari, katika miaka ya 1950, watu walipoondolewa makwao na kukusanywa mahali pamoja. Wengi wa wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu, na watu wasio na kazi. Mwaka 1976 mwanamke mmoja wa kijiji alimwendea mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o nyumbani kwake, akarudi tena na tena, akimtaka asaidie kukiamsha kituo cha vijana. Kwanza kikaanzishwa kisomo cha watu wazima. Na katika kisomo ukazaliwa mchezo, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ulioandikwa kwa Kikuyu na Ngũgĩ huyo pamoja na Ngũgĩ wa Mirii.

Tazameni jinsi ulivyotengenezwa, kwa maana hapo ndipo penye jibu letu. Mazoezi yalifanywa peupe, kila apitaye akaweza kusimama na kutazama. Wazee walipoona wimbo umekosewa au desturi imepotoshwa, walisahihisha. Vibarua nao waliyapima maneno ya mchezo kwa maisha yao wenyewe. Nyimbo za gĩtiiro, ziimbwazo na akina mama katika mambo ya ndoa, zilitolewa neno kwa neno na mama mmoja wa kijiji asiyejua kusoma. Sisi tushikao kalamu maofisini tulizoea kudhani kwamba mtu wa namna hiyo ni wa kufundishwa tu. Tuliposoma habari zake tulitahayari. Uwanja wenyewe, wa kuketi watu zaidi ya 2,000, ulijengwa na wanakijiji.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Siku moja mvua iliukatiza mara tatu. Watu wakakimbia kujikinga, kisha wakarudi.

Mwisho wake hatuufichi. Tarehe 16 Novemba 1977 kibali kilifutwa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa mpaka Desemba 1978. Mwaka 1982 uwanja ukabomolewa. Twajua wako wazee wetu waliokumbuka hayo walipouliza swali lao, na hofu yao ina sababu. Lakini mwaka 2022 mchezo ule ule ulichezwa tena hadharani, mjini Nairobi.

Basi je, ulileta unga? Hatusemi hivyo. Twasema kwamba mtu aliyeambiwa mchana kutwa "chuma" na "beba" alipata mahali ambapo jioni aliulizwa, "Wewe waonaje?" Na mtu aliyekwisha kuulizwa hivyo huanza kuyatazama maisha yake kwa macho mengine.

Mwaka huu chama chetu kimezika wazee watatu. Tuliandika majina yao daftarini, na michango ya kila mtu hadi shilingi ya mwisho. Maana hiyo ndiyo kazi yetu. Wimbo hatukuandika hata mmoja, na mmoja wa wazee hao alikuwa mwimbaji aliyejulikana sana.

Halmashauri ilifikiri kukodi kikundi kutoka mjini kwa ajili ya siku kuu ya chama. Kwa heshima, hatukubaliani. Wageni watacheza vizuri, watalipwa, watakwenda zao. Twaomba badala yake ukumbi ufunguliwe kila Jumapili saa nane, milango ikiwa wazi, vijana watunge wenyewe, kwa lugha zetu, na wazee watatu waketi mbele, wakiwa na haki ya kuyasimamisha mazoezi na kusema, "Sivyo, ilikuwa hivi." Gharama ni umeme tu, kwa kuwa akina mama wamekwisha kujitolea chai.

Twaomba majina ya wazee hao watatu yaandikwe leo, kabla mkutano haujafungwa.