Nyota Njema Huonekana Asubuhi, Lakini Nani Ameamka?

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia)



Nimeombwa nizungumze juu ya watoto wenye vipawa. Leo nitawapeleka mbali kidogo, hadi nchi ya Hungaria huko Ulaya. Mtaniuliza, kwa nini Hungaria? Ni nchi ndogo, haina bahari, na watu wake hawafiki milioni 10. Hata hivyo imetoa wataalamu wa hesabu na sayansi wanaojulikana dunia nzima. Si ati wanakunywa maji ya ajabu. Kuna watu walioamka mapema wakawatafuta watoto hao.

Gazeti na shindano

Mwaka 1868 waziri wa elimu, József Eötvös, alileta sheria kwamba kila mtoto wa miaka 6 hadi 12 aende shule. Huo ndio msingi. Huwezi kuchagua mbegu bora kama mbegu nyingine hujaziona.

Mwanawe, Loránd Eötvös, mtaalamu wa fizikia, naye akawa waziri mwaka 1894. Mwaka huo mambo mawili yalianza. Kwanza, shindano la hesabu kwa vijana waliomaliza sekondari. Maswali yalikuwa matatu tu, na kijana aliruhusiwa kuingia na vitabu vyake! Walitaka kuona anavyofikiri, si alivyokariri.

Pili, mwalimu mmoja wa mji wa Győr, Dániel Arany, alianzisha gazeti dogo la hesabu kwa wanafunzi. Maswali yalichapishwa, mwanafunzi akayahangaikia nyumbani, akatuma majibu kwa posta. Waliofaulu walisoma majina yao gazetini. Basi hata kijana aliyekuwa mbali na mji mkuu aliweza kuonekana kwa bei ya stempu. Vita vilikatiza gazeti hilo mara mbili, lakini lilifufuliwa, na hadi leo linatoka.

Mwalimu aliyefunga safari

Katika mji wa Budapest kulikuwa na sekondari ya Kanisa la Kilutheri. Hapo alifundisha László Rátz, ambaye pia alikuwa mhariri wa gazeti lile kwa miaka mingi. Darasani mwake alimwona mvulana mmoja, John von Neumann, ambaye hesabu za shule zilikuwa mchezo kwake. Rátz hakusema, "Huyu atajipeleka mwenyewe." Alikwenda kwa baba yake, wakapanga walimu wa chuo kikuu wamfundishe mtoto hesabu, huku akibaki na wenzake darasani kwa masomo mengine.

Shuleni hapo alikuwapo pia Eugene Wigner, ambaye Rátz alimwazima vitabu. Wigner alipata Tuzo la Nobel la fizikia mwaka 1963. Alipokuwa profesa Marekani, ukutani kwa ofisi yake alitundika picha ya mwalimu wake huyo wa sekondari.

Waliosahauliwa

Lakini hebu tuseme ukweli wote. Baba yake von Neumann alikuwa mtu wa benki. Je, mtoto wa mkulima asiye na shamba, nani angekwenda kwa babake?

Katika miaka ya 1930, walimu wa shule ya Kanisa la Reformed katika mji wa Sárospatak walianza kutafuta watoto wenye akili kutoka vijiji maskini. Waliwapima, na waliochaguliwa wakasaidiwa kusoma. Kazi hiyo waliiita "kuokoa vipawa". Baada ya vita, kati ya 1946 na 1949, kulikuwa na mabweni mengi ya vijana wa wakulima na wafanyakazi, kisha serikali ikayavunja. Mwaka 1994 sekondari iitwayo Gandhi ilifunguliwa mjini Pécs kwa ajili ya vijana wa Kiroma, jamii inayodharauliwa sana huko. Na mwaka 2000 serikali ilianza mpango wa kuwapa vijana wa vijiji vidogo bweni na mwaka mmoja wa matayarisho kabla ya sekondari. Maana walijua mtoto wa kijijini hakosi akili, anakosa matayarisho.

Tena kuna jambo la kusikitisha. Mwaka 1920 nchi hiyo ilitunga sheria ya kupunguza Wayahudi katika vyuo vikuu. Baadaye, chini ya ukomunisti, watoto wa waliohesabiwa kuwa maadui walifungiwa mlango. Von Neumann na Wigner walitoka jamaa za Kiyahudi, na wote wawili matunda yao yaliliwa Marekani. Kumtambua mtoto halafu kumbagua ni kupanda mwembe, ukamfukuzia jirani kivuli na maembe.

Mwaka 2008 bunge lao lilipitisha mpango wa miaka 20 wa kukuza vipawa. Ni vizuri. Lakini kumbukeni, yote yalianza na walimu wachache na gazeti dogo.

Ndugu zangu, nyota njema huonekana asubuhi, ndiyo. Lakini anayeiona ni yule aliyeamka.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Tunapochagua mtoto wa kulipiwa karo, tunatazama maksi peke yake, au pia jinsi anavyofikiri?
2. Ni watoto gani kijijini hawatajwi kamwe tunapochagua? Kwa nini?
3. Nani kati yetu atakwenda kwa mzazi wake, na lini?